Kilichozidi

Kazi ya Msasa ilikuwa kuondoa kilichozidi, na Alhamisi ile aliondoa hadi kisichozidi.

Karakana yao ilitengeneza sanamu za kuvalishia nguo, wale wanawake wanaosimama kwenye madirisha ya maduka, mkono kiunoni, wamemnunia kila mpita njia. Kila sanamu ilitoka kwenye kalibu ikiwa vipande viwili, mbele na nyuma, kisha vikaunganishwa kwa gundi. Pale vipande vilipokutana gundi ilifurika, ikakauka, ikaacha ukingo mkali ubavuni, kwapani na katikati ya miguu. Mafundi waliuita ukingo huo ndevu, na kunyoa ndevu ndiyo ilikuwa kazi yake. Alichora kwanza mstari wa penseli, akakata kwa kisu kifupi, akasugua kwa msasa mkavu, akarudia kwa msasa laini wenye maji, mwisho akafumba macho na kupitisha kiganja. Kiganja kikikwama popote, alianza upya. Alikuwa hodari kiasi kwamba jina alilopewa na wazazi lilishasahauliwa. Hata bosi alimwita Msasa, na yeye akaitika.

Katikati ya miguu ndipo palipowashinda wenzake, maana ni pembamba na mkono hauingii vizuri. Yeye alikunja karatasi ikawa nyembamba kama utambi, akaipenyeza, akasugua mpaka pakawa laini kama sahani. Siku ile akasugua, akasugua, macho hapa, akili kwingine, mpaka karatasi ikatokea upande wa pili. Sanamu ikabaki na tundu. Msasa akaitazama kama mtu aliyevunja chombo cha jirani.

"Makubwa!" alisema Mama Rangi kutoka meza ya pili. Huyu ndiye aliyezipaka sanamu midomo na nyusi, na mdomo wake mwenyewe haukuwahi kukauka maneno. "Bi harusi, umeanza kutoboa watu?"

"Ilikuwa nyembamba tu hapo."

"Nyembamba ni akili yako siku hizi. Harusi wiki ijayo, badala ya kunenepa unakonda. Huyo Baridi anakufanyia nini?"

"Hanifanyii kitu."

Baridi alikuwa mchumba wake, fundi wa mafriji, mtu wa kucheka ovyo ambaye mtaa ulimpa jina lisilomfaa hata kidogo. Ni kweli hakumfanyia kitu. Walikubaliana kusubiri ndoa, na yeye Msasa ndiye aliyelitaka sharti hilo, Baridi akalipokea bila manung'uniko, akidhani ni uchaji Mungu. Masikini, hakujua kwamba mchumba wake hakumwogopa Mungu siku ile kama alivyoogopa taa ya chumbani.

Jioni, akiwa amefunika lile tundu kwa kitambaa, Msasa alimfuata bosi na kuomba ruhusa ya kesho yake.

"Dada yangu anaumwa," alisema.

"Anaumwa nini?"

Uongo ni kama mbuzi. Ukimfungulia mlango mmoja anaingia nyumba nzima. "Presha," Msasa akajibu. "Amelazwa. Hali yake si nzuri."

Bosi akaweka mkono kifuani, akampa pole, akamwambia asirudi mpaka mgonjwa apate nafuu. Msasa akatoka na uso wa huzuni, na huzuni yenyewe haikuwa ya kuigiza.

Basi na tuseme wazi alichokuwa anakwenda kufanya, maana watu wanapenda kuzungukazunguka jambo hili mpaka linaoza katikati yao. Msasa aliamini kwamba uke wake una kasoro. Mashavu ya ndani ya uke wake yalikuwa marefu, yakatokeza nje ya yale ya nje, na la kushoto lilishuka kuliko la kulia. Hilo tu. Hayakumuuma, hayakumwasha, hayakumzuia kutembea wala kupanda ngazi. Lakini kesho yake asubuhi alikuwa na miadi kwenye kliniki ya urembo, akayakatishe.

Aliyeanzisha balaa ni mwanaume mmoja wa zamani, kabla ya Baridi, wakati Msasa ana miaka ishirini na mitatu. Yule bwana aliwasha taa, akamtazama, akakunja uso na kusema, "Mbona wewe uko hivi?" Kisha akazima taa na kuendelea na mambo yake, na bila shaka aliamka asubuhi ameshasahau. Kuna watu Mungu amewapa ulimi lakini hakuwapa breki. Maneno manne yale Msasa aliyabeba kama mwiba ulioingia mguuni na kufunikwa na ngozi. Alianza kuoga haraka. Alinunua kioo kidogo cha mkononi, akajifungia, akajitazama, akalia, akakitupa. Baada ya muda akanunua kingine. Na mchana kutwa, siku baada ya siku, mkono wake ulipita kwenye miili isiyotokeza chochote popote. Mkono ukizoea, unafundisha jicho. Akafika mahali kila kinachotokeza akakiona ni ndevu.

Karatasi ya matangazo ya ile kliniki aliileta Mama Rangi, aliyekuwa anatafuta kuchorwa nyusi za kudumu. Aliisoma kwa sauti karakana nzima, huduma moja baada ya nyingine, na alipofika kwenye "kupunguza na kusawazisha sehemu za siri" alicheka mpaka brashi ikamwanguka. Wote walicheka, na Msasa alicheka kuliko wote. Kisha akamwuliza, kama mtu anayeuliza mvua, kliniki yenyewe iko upande gani.

*

Ijumaa asubuhi alizima simu, akaiweka chini kabisa ya mkoba. Baridi alikuwa amepiga mara kadhaa tangu jana usiku. Sauti yake siku hizi ilikuwa na swali ndani yake, hata alipokuwa anazungumzia viti vya kukodi.

Kliniki ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la simu. Mapokezi palikuwa na sofa jeupe na ua la plastiki lenye vumbi. Ndani kulikuwa na kitanda chembamba chenye vishikio vya miguu, taa inayopinda shingo, na meza ya chuma iliyofunikwa kitambaa cha kijani. Vitu vilivyokuwa chini ya kitambaa vilikiinua kidogo, huku kirefu, huku kifupi. Msasa aliye na kisu mkononi siku zote za kazi hakuthubutu kukitazama kitambaa kile mara mbili.

Mwanamke wa koti jeupe aliingia akitabasamu. Wateja walimwita Daktari, na hakuna aliyewahi kumwuliza udaktari wa nini.

"Usiogope, mpenzi. Ni jambo dogo. Tunapunguza, tunasawazisha, unakwenda zako. Siku ya harusi utakuwa nadhifu kama picha."

Picha yenyewe ilikuwa ukutani, mchoro wa mwili wa mwanamke kutoka kichwani hadi miguuni, wenye mishale na maelezo. Kila kucha ilichorwa. Lakini pale katikati ya miguu mchoraji alipitisha mstari mmoja tu, akaenda zake.

Msasa alivua, akapanda, akalala chali. Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, alijiambia, na meno yakaanza kugongana ingawa chumba hakikuwa na baridi. Taa ikapindishwa shingo. Hakuna mtu aliyewahi kumtazama huko tangu yule bwana. Alikaza macho darini, akasubiri yale maneno.

Hayakuja. Daktari alivaa glavu, akatazama kama mtu anayetazama tairi, akachukua kalamu.

"Nachora mahali pa kupita," alisema.

Ncha ya kalamu ilikuwa ya baridi. Ikapita kushoto, polepole, kutoka juu kushuka chini, kisha kulia. Hapo Msasa akashtuka. Mistari aliijua. Alikuwa ameichora maelfu kwa mkono wake, na alijua kwa kuhisi tu penseli inapita ukingoni au inapita shinani. Huu ulipita shinani.

"Si ulisema kidogo?" aliuliza.

"Kidogo, ndiyo."

"Nahisi kama umechora chini sana."

"Tukiacha, utarudi kulalamika. Bora tuondoe yote yaishe." Daktari akavuta sindano. "Utahisi kama umeng'atwa na siafu."

Hakuwa siafu. Alikuwa nyoka, na aling'ata kushoto, akang'ata kulia. Msasa alishika pembe za kitanda, machozi yakamtoka bila sauti. Katikati ya maumivu lile swali alilokaa nalo miaka likamponyoka lenyewe.

"Wengine wakoje?"

"Wengine wepi?"

"Wanawake wengine. Unaowaona wewe."

Daktari alimpigapiga gotini. "Usijione uko peke yako, mpenzi. Wote wanaokuja hapa wako kama wewe."

Alisema kwa nia ya kufariji, akavua glavu na kutoka, akiacha ganzi ikolee. Msasa akabaki na taa. Ganzi ilipanda kama maji yanayojaa kwenye beseni, na pale palipokuwa panauma pakaanza kutokuwepo. Alijigusa pajani, paja lilikuwepo. Akajigusa karibu zaidi, akagusa kitu kisicho chake. Hofu ikamshika ghafla, hofu ya mnyama aliyesikia mlango wa zizi unafungwa nyuma yake. Alitaka kuinuka. Aliona aibu kuinuka. Angesema nini? Kwamba amebadili mawazo, baada ya kuchorwa na kudungwa? Aibu ndiyo iliyomleta, na sasa aibu hiyo hiyo ilikuwa imemkalia kifuani isimwachie kuondoka.

Hapo ndipo kelele zilipoanza mapokezi.

"Dada, huwezi kuingia, kuna mgonjwa ndani!"

"Mgonjwa ni mimi!" sauti ikajibu. "Nimeambiwa nina presha na nimelazwa! Nionyesheni kitanda changu!"

Msasa alifumba macho. Sauti hiyo iliwahi kunyamazisha ukumbi wa wanafunzi mia tano. Ilikuwa ya dada yake.

Dada alikuwa mwalimu wa hesabu, mkubwa wake kwa miaka kumi na mitano. Ndiye aliyemlea tangu mama yao alipopatwa na kiharusi. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye sketi zilizopigwa pasi mpaka zikasimama zenyewe. Asubuhi ile alikuwa amekwenda karakana kumpelekea mdogo wake gauni akalijaribu, maana tangu jana Baridi alikuwa amempigia akilalamika kwamba mchumba wake anamkimbia, na Dada alitaka kuona kwa macho yake kuna nini. Bosi alipomwona mlangoni, mzima wa afya, aliangusha kikombe. Mama Rangi, aliyekuwa amekwisha kujumlisha moja na moja, akamvuta pembeni na kumtajia kliniki.

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Dada akasimama na gauni la harusi begani, ndani ya mfuko wake wa nailoni. Akaona vishikio vya miguu. Akaona kitambaa cha kijani. Uso ukamshuka.

"Mimba ya nani?" aliuliza.

"Sina mimba, Dada."

"Basi kinachotolewa miguu ikiwa juu ni nini? Jino?"

"Samahani, mama," alisema Daktari nyuma yake, "hapa tunalinda faragha ya mteja."

"Mteja wako nimemlea mimi. Nikikuhitaji nitakuita." Akamsukumia mlango usoni, akageuka. "Sema."

Msasa alijivuta akakaa, akajifunika shuka hadi kiunoni. Kwenye nyumba yao mambo ya huko chini hayakuwa na jina. Kulikuwa na "huko", kulikuwa na "nanihii", na kulikuwa na kukohoa. Lugha imeviita vitu vyote kwa majina yake, kila kiungo kina chake, lakini vinywa vimefungwa kufuli na ufunguo hakuna anayekumbuka aliuweka wapi.

"Ni huko," alisema.

"Huko wapi? Mimi ni mwalimu, usinipe jibu nusu."

"Mashavu ya uke. Ya ndani. Yamezidi." Maneno yakaanza kutoka kwa kasi. "Yanatokeza nje, Dada. Halafu moja limeshuka kuliko jingine. Nimekuja yapunguzwe kabla ya harusi. Baridi akiniona ataniacha. Nakwambia ataniacha, au atabaki ananionea huruma, na hiyo ni mbaya zaidi."

Mfuko wa nailoni ulilia begani mwa Dada alipovuta pumzi.

"Nani alikwambia yamezidi?"

"Kuna mtu aliuliza mbona niko hivi. Zamani. Lakini nimeona mwenyewe."

"Umelinganisha na nani?"

Msasa akavuta shuka juu.

"Nimekuuliza. Mtu akisema kitu ni kirefu, lazima awe amekilinganisha na kingine. Ni mwanamke gani umemwona?"

Msasa alitafuta. Alitafuta kweli, akapekua maisha yake yote, na hakumpata hata mmoja. "Wale wa karakana," alisema kwa sauti ndogo.

"Wale unaowasugua wewe mwenyewe?"

Msasa alisikia ujinga wake ukitajwa wazi namna ile, uso ukamwaka moto.

"Wako wanawake," alisema Dada, na sasa sauti ilianza kumtetemeka kwa hasira, "waliokamatwa na watu wazima, wakashikwa mikono na miguu, wakakatwa wakilia. Wangetoa chochote warudishiwe. Na wewe unajileta kwa miguu yako!"

"Mimi nimechagua mwenyewe."

"Umechagua kati ya nini na nini?"

"Wewe huwezi kuelewa!" Msasa alipiga kelele, na haikuwa kawaida yake kumpigia kelele dada yake. "Umeolewa, umezaa watoto wanne, hakuna aliyekucheka! Wewe uko sawa! Ni rahisi kusema ukiwa uko sawa!"

Dada alimtazama kwa muda, kisha akatazama mlango. Akaliweka gauni juu ya kiti. Akaenda mlangoni, akazungusha ufunguo.

"Nani amekwambia niko sawa?" alisema.

Akaanza kufungua kifungo cha sketi.

Lazima tufahamiane hapa. Huyu ni mwanamke aliyeoga ufunguo ukiwa kwenye tundu la mlango miaka yote, aliyebadilisha nguo chini ya shuka hata alipokuwa peke yake chumbani. Mdogo wake alilala naye kitanda kimoja utotoni na hakuwahi kuliona hata goti lake. Kifungo kikamkatalia, akakivuta kikaruka kikaviringika chini ya kitanda.

"Dada, acha. Nimekuelewa."

"Hujaelewa. Nyamaza."

Akavua, akapanda kibago cha kupandia kitandani, akageuza uso ukutani ambako ule mchoro ulikuwa unamtazama, akaivuta ile taa yenye shingo kwa mkono wake mwenyewe.

"Angalia haraka, kabla sijabadili mawazo."

Msasa akaangalia.

Mashavu ya ndani yalitokeza nje ya yale ya nje, yenye mikunjo, yameiva weusi kwenye kingo na kufifia kuelekea ndani. La kushoto lilishuka kuliko la kulia. Palikuwa ni pale pale alipopatazama kwenye kioo na kulia miaka yote ile, ila hapa pasipo kioo, palikuwa ni sehemu tu ya mwili wa mtu mzima anayetetemeka juu ya kibago. Hakukuwa na cha kushangaza. Alipatazama kama mtu anavyotazama sikio la nduguye.

"La kushoto," alisema.

"La kushoto," alijibu Dada, bado kaelekea ukutani. "Na mama alikuwa hivyo hivyo. La kushoto."

Alishuka, akavaa, akashikilia sketi isiyo na kifungo kwa mkono mmoja. Macho yalikuwa mekundu lakini hakulia. Alizungumza akitazama sakafu.

"Nilipokuwa msichana nilidhani nimelaaniwa. Nilimwambia shemeji yako kwamba sipendi mwanga, macho yananiuma. Mwaka wa kumi na tisa huu, anakula, analala, hajawahi kulalamika, na mimi bado nazima taa. Halafu mama akaanguka, nikaanza kumwogesha. Siku ya kwanza nilipomgeuza nikamwona, nilicheka. Mama kapooza, hasemi, mimi nacheka. Kisha nikakaa pale sakafuni na kitambaa mkononi nikalia. Yeye alidhani nimechoka kumuuguza. Alinishika kichwa kwa ule mkono uliobaki."

"Mlango ulikuwa unafungwa," alisema Msasa. "Mlikuwa mnaniambia nikacheze nje."

"Niliufunga mimi."

"Kwa nini hukuniambia? Hata nilipokua?"

"Ningeanzia wapi?" alisema Dada, na hilo lilimuuma Msasa kuliko sindano, kwa sababu na yeye asingejua pa kuanzia. "Lakini sikiliza. Hata kama mama asingekuwa hivyo, hata kama mimi nisingekuwa hivyo, hata kama ungekuwa peke yako dunia nzima. Yanakuuma?"

"Hapana."

"Yanakuzuia nini?"

Msasa alifikiri. "Taa," alisema.

Mlango ukagongwa. "Ganzi imeshakolea," alisema Daktari kutoka nje, na tabasamu lilikuwa limetoka kwenye sauti. "Tusiipoteze. Tunaendelea au hatuendelei?"

Dada alifungua mdomo, kisha, kwa mara ya kwanza tangu Msasa amjue, akaufunga bila kusema. Akamtazama tu. Msasa alitazama kitambaa cha kijani. Mbele yake kulikuwa na wiki moja na taa moja, na Baridi angeiwasha, na Msasa hangejua Baridi atasema nini mpaka aseme. Hakuna mtu angeweza kumwapia. Hofu aliyokuja nayo alikuwa nayo bado. Haikuwa imekwenda popote.

"Hatuendelei," alisema. Sauti ilitoka kwa kukwaruza, akarudia. "Hatuendelei! Niletee spiriti nifute huu mstari."

"Wino huo hautoki leo."

"Basi nitaondoka nao."

Kuondoka kwenyewe kulikuwa kazi. Miguu ilikuwa yake lakini katikati hakukuwa na mtu, akatembea kama anayevuka tope, mkono mmoja kwenye bega la Dada. Dada naye alikuwa na gauni begani, mkoba kwapani, na mkono mwingine umeshika sketi isimvuke hadharani. Kwenye ngazi msichana wa mapokezi aliwatazama mpaka mwisho. Walipofika chini ilibidi wakae kwenye benchi mbele ya duka la simu, watu wakiwapita na muziki wa dukani ukiwapigia masikioni.

Baadaye Msasa akaanza kujisogezasogeza.

"Nini?" aliuliza Dada.

"Ganzi inaisha. Panaanza kuuma."

"Nikununulie dawa?"

"Hapana. Ngoja kwanza." Alitulia, amekunja uso, akiisikiliza ile sehemu ikirudi kidogo kidogo, kushoto kwanza, kisha kulia, mpaka ikarudi yote. Iliuma vibaya. Akashukuru.

Alitoa simu kwenye mkoba, akaiwasha. Ujumbe wa Baridi uliingia mmoja juu ya mwingine. Aliishika simu bila kufungua hata mmoja.

"Dada. Na yeye akiniuliza mbona niko hivi?"

Dada alivuta sketi yake vizuri, akawatazama wapita njia. Alifikiri kama anavyofikiri mbele ya ubao.

"Mwambie umefanana na mama yako."

Msasa alitaka kucheka, akashindwa. Tangu azaliwe, kila mgeni aliyeingia kwao alimshika Dada kidevu na kusema, mama mtupu: uso wa mama, urefu wa mama, hata kikohozi cha mama. Kisha wakamgeukia yeye na kumtania kwamba ameokotwa. Mama alipozikwa Msasa alikuwa na miaka kumi na sita, na alijitafuta kwenye picha zote zilizobaki ndani ya nyumba, akakosa hata kidole. Sasa akauficha uso begani kwa dada yake, pale pale mbele ya watu na muziki wao, akalia kwa sauti.

Dada hakumwambia anyamaze. Aliiachia sketi, akamshika kwa mikono yote miwili.